Mshiriki wa Nne

4 Machi

Mamdogo wangu,

Shikamoo. Pokea na ile nyingine unayonidai, ya siku niliyoingia ukumbi wenu wa kushonea na kinasa sauti mkononi nikakupita kama nguzo. Wewe ukainuka kwenye cherehani ukasema, "Karibu, mwalimu." Mwalimu! Mtu uliyembeba mgongoni na makamasi yake. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja, maana yule msimamizi wenu mnayemwita Kengele alikuwa amesimama pale anatutazama midomo.

Nimefika chuoni salama. Chumba ni kile kile, kitanda cha chini changu, cha juu cha mwenzangu anayekoroma mpaka mchana. Sasa niko kwenye kazi ya kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno. Katika mbinu zote za utafiti tunazofundishwa, hii ndiyo inayokausha macho. Unasikiliza kidogo, unasimamisha, unaandika, unarudi nyuma, unagundua ulichoandika sicho alichosema mtu bali ni kile ulichotaka aseme. Mwalimu wetu hataki kabisa tusafishe. Anasema, "Usimchane mtu nywele. Mlete alivyo." Akikohoa, andika amekohoa. Akinyamaza, andika amenyamaza.

Basi nimekuleta ulivyo. Mada yangu unaikumbuka: namna habari zinavyosafiri mahali ambapo kuzungumza kumekatazwa. Mwalimu ameisifu mbele ya darasa zima, na uzuri wake wote umetoka kwako. Wenzako waliniambia tu kwamba mnapeana habari kwa kukanyaga cherehani patupu, bila kitambaa, mara tatu kama Kengele anakuja. Ni wewe peke yako uliyenieleza mlivyozisimamisha zote siku ile moshi ulipoingia kutoka chumba cha pasi, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa mnyororo, na kwamba aliyeanza ni wewe. Na kila ukipumua, "Kama naongopa, uzi na ukatike." Nimecheka hadi mwenzangu akaamka.

Kuna jambo moja. Mwalimu alituuliza kama kuna aliyemhoji ndugu yake. Akasema mtafiti akiwa kazini hana shangazi wala mjomba. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Usimwambie mtu.

Kasuku wako

11 Machi

Kasuku,

Marahaba, zote mbili. Barua nimeipata kwa fundi viatu, na uendelee kutumia sanduku lake hilo hilo. Usipige simu. Simu zetu tunaziacha langoni asubuhi, na jioni tunazikuta zina joto. Simu iliyolala kutwa nzima kwenye sanduku la mbao inapata wapi joto? Wenzangu wanasema ni jua. Langoni pale hapana jua, pana bati na ukuta.

Halafu bahasha yako. Pembe yenye stempu ilikuwa imekatwa, pakazibwa kwa kipande cha karatasi na gundi. Nilisimama pale kibandani naigeuzageuza, hata fundi viatu akanipa kigoda. Sikumwambia kitu. Siku hizi simwambii mtu kitu.

Hujui hali ilivyo tangu tulipozisimamisha zile cherehani. Wanamtafuta aliyeanza. Wanaita mmoja mmoja kule ofisini. Wangekuwa wanafoka ningejua pa kujificha, lakini Ofisa Utumishi anakumiminia chai mwenyewe, anauliza habari za watoto, habari za mgongo, halafu anauliza nani alikanyaga wa kwanza. Mimi niliitwa. Nikasema mimi husikia tu, sianzi. Nilikunywa ile chai yote nisije nikaonekana naogopa.

Na wewe umejiuliza kwa nini walikupa kibali? Kiwanda kile hakiruhusu hata nzi. Walikuruhusu kwa sharti uwapelekee nakala ya ripoti, nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikasema mwanangu amepata kazi ya shule. Sasa naona walikutuma wewe ukawaulizie.

Toa kiapo changu. Kile nimekuwa nacho tangu usichana, ukumbi mzima unakijua, Kengele mwenyewe hunitania nacho. Ukikiacha ni sawa na kuniandika jina na kubandika picha. Ningekuambia ufute yote niliyosema, lakini ule mlango bado una mnyororo, Kasuku, na chumba cha pasi bado kinatoa moshi. Mtu mmoja mahali fulani asome. Ila mimi nifiche. Nifanye mtu mwingine kabisa.

Mamdogo

17 Machi

Mamdogo,

Shikamoo. Usiogope tena, nimekuficha hata wewe ukijisoma utauliza, "Huyu naye nani?"

Kwanza wewe sasa ni Mshiriki wa Nne. Kiapo nimekitoa pote kilipokuwa, ingawa roho iliniuma, ilikuwa kama kung'oa vifungo kwenye shati zuri. Kisha nikaona kutoa hakutoshi, lazima niongeze. Wewe unashona kwa mkono wa kulia, nimekufanya wa kushoto. Unakaa mstari wa mbele, nimekupeleka mstari wa nyuma karibu na ule mlango, ambako mimi sikufika hata siku moja. Na wewe ambaye Mungu hakukupa mtoto ila mimi wa kuazima, nimekupa pacha! Nilijisikia fundi kweli kweli. Niliandika, "Mshiriki wa Nne, mama wa pacha, atumiaye mkono wa kushoto, mstari wa nyuma." Ukitaka wajukuu niambie, niwaongeze.

Mwalimu ameisoma na kunipa alama ya juu. Nakala ya kiwanda niliituma jana kwa rejesta, kama nilivyoahidi kwenye kibali. Ahadi ni deni, na sikutaka waseme wanafunzi hatutimizi tunayosema.

Hiyo bahasha iliyokatwa pembe inanitia wasiwasi. Hii nimeibandika stempu mbili na gundi tele. Niambie imefikaje.

Kasuku

28 Machi

Kwa mwanafunzi mtafiti,

Tunakushukuru kwa ripoti yako, ambayo uongozi umeisoma kwa makini. Imetusaidia sana.

Kutokana na maelezo uliyotoa, tunaamini tumeshamtambua mfanyakazi unayemwita Mshiriki wa Nne, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ndiye aliyesababisha kusimama kwa kazi. Mhusika anakanusha kwamba amewahi kuzungumza nawe. Ili haki itendeke kabla ya kumwachisha kazi, tunakuomba ulete sauti ya mahojiano hayo ofisini kwetu siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili, saa tatu asubuhi. Usipofika, tutachukulia kuwa ripoti inajitosheleza.

Tunakutakia masomo mema.

Ofisa Utumishi

2 Aprili

Mamdogo, shikamoo.

Mbona kimya? Nimekuandikia, sijapata hata mstari. Halafu leo nimepata hii barua ninayoiweka humu ndani. Isome ukiwa umekaa.

Wamekutambua. Sijui wamewezaje. Nimeisoma ripoti yangu upya mstari kwa mstari natafuta nilipokuacha wazi, sioni. Kiapo hakimo. Jina halimo. Mkono si wako, mstari si wako, watoto si wako. Ni nani aliyewaambia? Ni ile bahasha? Ni zile simu? Tangu asubuhi nashtuka kila mlango ukigongwa, hata mwenzangu akirudi kutoka bafuni.

Umefanya vizuri kukanusha. Endelea kukanusha. Au ondoka, mamdogo, njoo hapa, tutabanana kitanda kimoja. Niandikie neno moja tu nijue uko mzima.

Kasuku

6 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima. Hawakunitambua mimi. Wamemkamata Mama Pacha.

Humjui. Uliyemtunga wewe yupo, mwanangu. Anakaa mstari wa nyuma karibu na ule mlango, ana pacha wa kiume, na anashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Ukumbi mzima una mtu mmoja tu wa namna hiyo, ukaenda kumpata bila kumwona. Nilipoisoma barua yako ya stempu mbili nilimwona yeye hapo hapo, nikasema labda hawatasoma. Ndiyo maana nikanyamaza. Nilikuwa naomba wasisome.

Wamemwondoa kwenye cherehani. Wamemwekea kiti kwenye korido nje ya ofisi, anakaa pale tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, mikono mapajani, hana kazi. Sote tukienda msalani tunampita. Mwanzoni watu walimsalimia, siku hizi wanatazama ukuta. Juzi nilipompita alinishika gauni akaniuliza, "Dada yangu, huyo msichana wa chuo aliniona wapi mimi? Mimi sikumwona hata kisogo." Anauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwambia sijui.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata Mungu. Siku walipomwita yeye, mimi nilipumua. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sijaulala tangu ule moshi. Asubuhi nikaamka, nikakumbuka nimelala kwa sababu gani, nikajikuta siwezi kushuka kitandani.

Lakini usifanye kitu. Nasema hivyo kwa sababu naogopa, sikufichi. Ukisema si yeye, watauliza ni nani basi. Ukipeleka sauti, Kengele ataitambua kabla sijamaliza kukohoa. Mimi nina umri huu, nitashonea nani? Funga mdomo, mwanangu, hata kama jina lako ni Kasuku.

Ile bahasha, fundi viatu amekiri bila kuulizwa. Anakusanya stempu. Alinionyesha daftari lake zima na yako imo, akaniomba ukipata zenye ndege umtumie. Nimeogopa mwezi mzima kwa ajili ya stempu, huku hatari yenyewe tumeituma wenyewe kwa rejesta.

Mamdogo

9 Aprili

Mamdogo,

Shikamoo. Nimelia, nimenawa uso, nimelia tena. Kisha nikaenda kwa mwalimu.

Nilimwambia yote. Nilianza na undugu wetu nikidhani hapo ndipo atakaponifukuza. Akavua miwani akasema, "Undugu tungeuzungumza. Pacha umewatoa wapi?" Nikamweleza nilivyokuficha. Akaniuliza ni wapi kwenye ripoti nimeandika kwamba sifa za washiriki zimebadilishwa ili kuwalinda. Mamdogo, sikuandika. Ni sentensi moja tu. Alitufundisha kabisa, wiki ya tatu, ninayo kwenye daftari na nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa najiona fundi.

Tuliwaandikia pamoja siku hiyo hiyo, mwalimu akaipeleka kwa mashine ya faksi ya ofisini kwake. Tukasema sifa zile zimetungwa na hazimhusu mtu yeyote. Majibu yamekuja leo, mstari mmoja: "Tunasubiri sauti." Mwalimu aliusoma akanirudishia. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Sauti si yangu, si yako, wala si ya kiwanda. Ni ya aliyeitoa. Muulize."

Basi nakuuliza. Kinasa sauti kiko chini ya mto wangu. Ukisema nifute, nitafuta mara nitakapopata barua yako, na nitakwenda Jumatatu mikono mitupu niwaambie haipo. Watamwachisha kazi Mama Pacha, nami nitajua ni nani aliyemwachisha. Ukisema niipeleke, watakuachisha wewe. Naiweka masikioni nasikiliza unavyocheka pale ulipojikwaa kwenye neno, halafu naona kiti kwenye korido. Ningekuwa na njia ya tatu ningekuandikia. Nimetafuta kwenye vitabu vyote vya mbinu, haimo.

Nisamehe. Mtu niliyemtunga kwa mzaha amekalishwa kwenye kiti.

Kasuku

12 Aprili

Kasuku,

Marahaba, mwanangu. Usifute.

Barua yako niliipata jana. Leo asubuhi nikaingia kazini kama kawaida, nikatia uzi, nikashona kola mbili, ya tatu ikaenda upande. Nikaifumua. Ikaenda upande tena. Nikazima cherehani. Unajua tangu nianze kazi pale sijawahi kuizima kabla ya kengele? Wa pembeni yangu akanitolea macho. Nikainuka nikatembea katikati ya mistari hadi ofisini.

Nikamkuta Ofisa Utumishi na Kengele. Nikasema, "Mshiriki wa Nne ni mimi."

Ofisa akanitazama, akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto. Akaifungua ripoti yako akanisomea. Akaniuliza, "Mama, una pacha?" Nikasema sina. "Unashona kwa mkono upi?" Nikamwonyesha. "Unakaa mstari gani?" Akaifunga. Akasema anaelewa, nina moyo mzuri, namhurumia mwenzangu, lakini nisipoteze muda wa kazi. Umenificha, Kasuku. Umenificha hadi nimeshindwa kujitoa.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Siku zote nilikuwa naogopa kupatikana. Leo nimesimama mbele yao na mwili wangu mzima, na hawanioni, na mwanamke mwingine yuko nje kwenye kiti anavaa maneno yangu. Nikasema, "Ni mimi niliyekanyaga wa kwanza. Kama naongopa, uzi na ukatike." Ofisa hakuelewa, alikuwa anatafuta kalamu. Lakini Kengele aliinua kichwa. Alinitazama, nami nikamtazama, kisha akatazama viatu vyake. Amejua. Sijui kama atasema au atakaa nalo.

Wakaniambia nirudi kwenye cherehani. Sikurudi. Nilivuta kigoda cha mfagiaji nikakiweka kwenye korido, nikakaa pembeni ya Mama Pacha. Sikuwa nimefikiri nitamwambia nini. Nikamwambia tu, "Ni mimi. Yule msichana ni mwanangu." Alinitazama usoni. Nikangoja anipige, na angenipiga ningeshukuru. Akasema, "Sasa kwa nini akanipa mimi?" Nikamwambia hakukujua, alikutunga. Akarudia, "Alinitunga," akawa anaitazama mikono yake kama ndiyo kwanza anaiona. Hajanisamehe. Ila alisogeza kiti chake kidogo, nami nikapata ukuta wa kuegemea.

Tukiwa pale, tukasikia kutoka ukumbini cherehani ikikanyagwa patupu. Mara tatu. Halafu nyingine, halafu mstari mzima. Walikuwa wananionya anakuja, niinuke, nikimbie. Kweli alikuja, Kengele na ofisa wote wawili, wakasimama mbele yetu. Sikuinuka.

Jumatatu saa tatu lete sauti. Lete yote, pamoja na moshi na mnyororo na kucheka kwangu. Na ile ripoti, rudisha kiapo changu kila mahali ulipokitoa. Naogopa, mwanangu. Ila mimi nimechoka kuwa na pacha.

Mamdogo wako

13 Aprili

Mamdogo,

Hii namkabidhi kondakta yule yule wa basi aliyeniletea yako alfajiri, aifikishe kwa fundi viatu, maana posta haitawahi. Nimebandika stempu yenye ndege, ingawa haihitajiki.

Nimerudisha kiapo chote. Mwalimu alikaa nami tukahakikisha hakuna kilichobaki. Pale juu nimeandika sentensi niliyoisahau, na chini yake nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha mbinu: "Mshiriki wa Nne ni mama yangu mdogo." Mwalimu aliisoma mara mbili, akasema atakuja nami Jumatatu. Nadhani naye anaogopa, amefunga koti vifungo visivyolingana.

Sijui watakufanya nini. Sijui watanifanya nini. Sijui nitamtazama vipi Mama Pacha usoni, mtu niliyemjua mkono wake kabla ya kumjua yeye.

Ila kuna jambo moja nalijua. Jumatatu nikiingia kwenye korido ile nitakukuta umekaa, na ofisa atakuwa pale, na Kengele atakuwa pale anatazama midomo. Usiinuke. Usiniite mwalimu. Nitapiga goti nikuamkie kwa sauti, wote wasikie, nilipe na ile ya siku ya kwanza.

Wewe uitikie tu, mamdogo, hata kama sauti itatetemeka.

Shikamoo.

Mwanao